Kikohozi cha Baba Clement

Oldham,
Jumatano, 12 Novemba 1952

Dada yangu mpenzi Lavinia,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo huko Kanada? Magoti yako yanakubali ngazi siku hizi, au bado yanakugomea? Mimi ni mzima, ila moshi wa viwanda na ukungu vimetufunika wiki nzima, hata nguo hazikauki.

Dada, mwanangu yumo kwenye sinema! Ule mchezo wa redio wa wapangaji, ambao kila Alhamisi nchi nzima huacha chakula kipoe ili iusikilize, wameufanya filamu, na jina la Clement ni la tatu kwenye bango. Mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na mbili nikaingia kiwandani, nimezaa mtu wa kubandikwa ukutani! Mama Ogden wa mlango wa pili, ambaye mwanawe ni karani tu, alinipisha kwenye foleni ya bucha bila kuombwa.

Clement ndiye yule mzee mpangaji anayeingia, anakohoa mpaka wenzake wanasahau walichokuwa wakisema, halafu anauliza, "Nani kafungua dirisha?" Hapo watu hawana mbavu.

Jumamosi tulijaa ukumbini. Waigizaji, kwa mazoea ya redioni, wanasema neno la kuchekesha kisha wanatulia, wanangoja watu wacheke. Clement aliniambia kwamba London hawakucheka, ule ukimya ukawa kama wa msibani. Sisi wa Oldham tuliujaza! Mama Ogden alicheka mpaka meno yake ya bandia yakamtoka, akayatafuta chini ya viti.

Mimi sikucheka. Redioni nilizoea sauti tu. Sasa nilimwona amevaa kofia ya baba yake na skafu yake, vitu nilivyompa mwenyewe kwa majivuno yangu. Na kabla ya kukohoa akashika ukingo wa kabati kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, kama marehemu alivyofanya kila vumbi la pamba ya kiwandani lilipomkaba kifuani.

Tulipotoka, Clement aliniuliza kama baba yake angefurahi. Nikamwambia angejivuna kuliko mimi. Akalia, mtoto wa watu, akasema anaigiza vile ili baba yake asisahaulike.

Dada, nilikuandikia kwamba shemeji yako alikufa kwa nimonia, ghafla. Sikukuambia yote. Alijitambua katika yule mzee wa redioni tangu wiki ya kwanza ya mchezo. Aliniuliza, "Martha, yule si mimi?" Nikamwambia aache kujikweza, wazee wa kukohoa wamejaa Lancashire. Lakini mtaa mzima ulijua. Akipita, watu wazima na akili zao wanampigia kelele, "Mzee Enos, nani kafungua dirisha?" Yeye anawainulia kofia. Kisha akaacha kukohoa mbele za watu. Kikohozi kikimbana anatoka kwenda uani, kwenye theluji, anafunga mlango nyuma yake. Alhamisi moja, mchezo ukiendelea redioni, alitoka hivyohivyo. Nilikisikia kikohozi chake nje na cha mwanawe ndani, kwa pamoja. Nikaongeza sauti ya redio. Nikacheka, dada. Siku tisa baadaye tulimzika. Clement hajui.

Sasa wanataka kutengeneza filamu ya pili. Clement ameniandikia nimtolee lile koti zito la baba yake, atakuja kulichukua Jumapili. Jana mzee anayekusanya nguo kuukuu alipopita na mkokoteni wake nikampa lile koti, naye badala yake akanipa jiwe la kusugulia kizingiti. Nilisugua mpaka kikawa cheupe. Mama Ogden akauliza nangoja mgeni gani wa kuumiza mikono hivyo. Nikamwambia mwanangu, nyota wa sinema.

Nitamwambia ya baba yake palepale mlangoni, kabla hajavua kofia, maana akishaketi na kuanza kula pai yangu sitathubutu tena. Atakasirika, na ana haki. Huenda baada ya hapo nisimwone tena ila sinemani, kwa tiketi, kama watu wengine.

Nisalimie shemeji Horace na wajukuu. Jifunike vizuri, nasikia baridi ya huko haina adabu. Ukinipenda, na barua hii ikiwahi, niombee Jumapili saa saba mchana, atakapofika.

Ni mimi mdogo wako,
Martha Entwistle