Rangi ya Wageni

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Njia ya kwenda ghala la mbao.
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji wa huko na vijana wako. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za kazini zinakutesa, nami nikasahau kukuuliza kama ulikwenda kumwona daktari au ulijitibu kwa kunung'unika kama kawaida yako. Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Mama hajambo. Sikio lake la kushoto limegoma kabisa, kwa hiyo redio sasa inasikilizwa na mtaa mzima, na bado anabishana na msoma habari.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu nikiwa humu ndani. Ukifika chini utaelewa.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Shemeji, mume wa marehemu dada yetu wa kati, hapokei simu zako, na kwa nini kila ukipiga unamkuta binti yao yupo kwangu. Nimekuwa nikikwambia mtandao mbovu. Mtandao ni mzima, Dada. Aliyekuwa mbovu ni Shemeji, na nilikuwa sijui nianzie wapi.

Kazi yangu unaijua nusu. Wewe ulinibandika jina la Mpima Harufu na ukoo mzima ukalidaka. Lakini rangi haitudhuru kwa harufu tu. Ndani ya kopo kuna thina, na dawa nyingine za namna yake, zinazoifanya rangi iwe nyepesi na itelezeke. Rangi ikikauka, hizo hazipotei. Zinapaa, na aliye karibu anazivuta. Kidogo kidogo zinaingia kwenye damu, kisha kichwani. Kazi yetu ni kuangalia kila rangi ina nini, inapakwa wapi, hewa inapitaje, na fundi anaivuta kiasi gani. Kisha tunaipa daraja: kijani, njano, nyekundu, na ya mwisho nyeusi, yaani isitumike. Rangi ileile inaweza kuwa ya njano uwanjani na nyeusi chumbani. Ndiyo maana hatupimi kopo peke yake, tunampima na mtu.

Miezi michache iliyopita nikapangiwa karakana moja inayotengeneza matangi ya malori, haya yanayobeba mafuta ya kula. Shemeji anafanya kazi hapo. Nilimwambia mkuu wangu kwamba nina ndugu mle, akasema nianze tu, mwenzangu atapitia matokeo yangu. Nikaenda.

Ni banda refu la bati, sakafu nyeusi kwa madoa ya miaka. Matangi yamelala yakiwa yamefunguliwa vifuniko juu. Fundi anaingia kwa tundu hilo, anashuka ngazi ya chuma na brashi na rola, anapaka kuta za ndani akiwa amefungwa kamba kiunoni. Mwenzake anakaa juu kashika kamba. Puani wamefunga barakoa za vumbi, ambazo kwa mvuke wa thina ni sawa na kujikinga mvua kwa chandarua.

Anayeshika kamba wanamwita Kobe, kwa sababu hana haraka hata akiungua. Nilimuuliza kuhusu rangi zao, akacheka. Akasema wao wana madaraja yao tayari. Ile nyeupe ni rangi ya kichwa, inakupasua kipaji cha uso. Ile ya kijani ni rangi ya vichekesho, ukitoka unacheka mwenyewe hadi kituoni.

"Na hii ya kijivu?"

Kicheko kikamwisha usoni. "Hiyo ni rangi ya wageni."

"Wageni gani?"

"Ukikaa nayo mle, unatembelewa. Mimi nilimsikia mama yangu akiniita jina la utotoni, jina ambalo hakuna anayelijua hapa. Mama yangu ana miaka mingi ardhini. Nilipanda ile ngazi bila kujua miguu imekanyaga wapi. Sijaingia tena."

"Sasa anaingia nani?"

Aliniangalia kwa huruma. "Shemeji yako. Hatumtumi. Anaomba mwenyewe."

Nilipomhoji Shemeji alijibu kila kitu kwa adabu. Kichwa hakimuumi. Hasahau. Je, amewahi kusikia au kuona vitu ambavyo wenzake hawavioni? Hapana. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai ilikuwa ikimwagika.

Nilipotoka kwenda kunawa alinifuata bombani.

"Shemeji," akasema, "nikuombe kitu kimoja tu. Ile ya kijivu iache. Iandike njano, hata nyekundu. Lakini usiifunge."

"Kwa nini?"

Alitazama nyuma kwanza. "Yumo mle."

Nilijua, Dada. Kabla sijauliza ni nani, nilijua.

Akaniambia kwamba mara ya kwanza alisikia ndala. Unakumbuka marehemu alivyokuwa akiburuta mguu mmoja kama anafagia? Alisikia hivyo nyuma yake, ndani ya tangi, kisha kimya, kisha mtu akihema taratibu kama aliyeketi. Hamwoni. Akigeuka, hakuna. Kwa hiyo hageuki. Anapaka akiwa ameelekea ukutani, na marehemu anamuuliza mambo ya nyumbani. Mtoto kala nini. Mtoto kalala saa ngapi.

Nilitaka kumwambia yale ninayowaambia mafundi wote, kwamba ubongo ukikosa hewa safi unachota kilichopo ndani. Badala yake mdomo ukauliza, "Ameniulizia mimi?"

Akasema, "Alisema utakuja. Na kwamba ukija utamfukuza."

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo jioni. Binti yetu alinifungulia, amejishonea mwenyewe kifungo cha sare kwa uzi wa rangi nyingine kwa sababu mikono ya baba yake haiwezi tena kuingiza uzi kwenye sindano. Nyumba safi, lakini wiki hiyo baba alikuwa amejaribu kufungua mlango wa jirani kwa ufunguo wake, akagombana na mwenye nyumba akimwambia ahame. Mtoto alinisimulia kama kichekesho. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza:

"Mama mdogo, baba ananiuliza kila siku nimekula nini. Kesho yake ananiambia mama amefurahi. Sasa kama wanaongea, mbona mama haniletei salamu zangu?"

Nilimsuka nywele. Nilimsuka vibaya, akavumilia.

Kabla ya kulala nilimpigia msimamizi wa karakana, nikamwambia asiingie mtu tangini mpaka nipime. Akakubali. Asubuhi nilipofika, nikamkuta Kobe amepiga magoti juu ya tangi, jasho linamtiririka, kamba mkononi. Shemeji alikuwa ametangulia wote, kajifungulia, kaanza kazi. Kobe alimkuta ndani tayari. Alichofanikiwa ni kumtupia kamba tu, na kwa mbali akamwona akiifunga kiunoni.

Nilishusha kipimo chetu cha hewa kwa uzi. Hakikufika hata nusu, kikaanza kulia. Nikaita, "Shemeji, toka!" Hakujibu. Nilimsikia akiongea. Si kupiga kelele, Dada, kuongea, kama mtu aliye jikoni na mkewe. Anasema kidogo, ananyamaza, anacheka kidogo, anasema tena. Kobe alivuta kamba na ikaja yenyewe, nyepesi, bila mtu. Alikuwa ameifungua.

Kobe akatanguliza mguu kwenye ngazi. Nilimshika shati kwa mikono miwili. Hao ndio wanaokufa, wanaokwenda kuwaokoa wenzao bila hewa yao wenyewe. Tukaita zimamoto. Msimamizi akaleta mpira wa kompresa, tukaingiza hewa safi kwa nguvu. Chini maneno yakaanza kupungua. Ukimya ukawa mrefu kuliko maongezi.

Unajua sisi dada watatu tuna sauti moja. Baba alikuwa akikosea kila alipopiga simu, na wewe na marehemu mlikuwa mkiazima sauti yangu kuwadanganya wachumba. Sikupanga. Niliinama hadi mabega yakaingia tunduni, nikavua barakoa, nikaita kama marehemu alivyokuwa akimwita mumewe, kwa ile sauti ya kulalamika na kubembeleza pamoja:

"Bwana Mkubwa! Toka basi. Mtoto hajala."

Tangi ni bati tupu, linarudisha sauti. Likanirudishia *hajala*. Kisha likanirudishia neno ambalo sikulisema: *nenda*.

Nikasikia ngazi ikilia. Akapanda pole pole, macho wazi, lakini kama hatuoni sisi. Kobe akamdaka kwapani tukamvuta wote, tukamlaza kivulini, na zimamoto walipofika alikuwa ameanza kutapika na kumwita mtoto wake. Sijamuuliza Kobe kama naye alilisikia neno lile. Akisema ndiyo nitaogopa, na akisema hapana nitaogopa vilevile. Nilikuwa nimeinama bila barakoa, nimeuvuta mvuke uleule. Sababu yake naijua, ndiyo kazi yangu. Usiku wa kuamkia leo sababu hiyo haikunisaidia kitu.

Mwenzangu alikwenda akapima upya, tukalinganisha, tukakubaliana. Nyeusi. Rangi ya kijivu haitapakwa tena mahali penye kuta na kifuniko. Kwa matangi wametakiwa kutumia rangi isiyo na thina, na kila anayeingia avute hewa ya mpira kutoka nje. Msimamizi alinung'unika, akatii. Kobe alibeba makopo mwenyewe kuyapeleka kwenye chumba cha kufungia, akiyashika mbali na kifua kama mtu aliyebeba mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Shemeji alilazwa. Daktari anasema kichwa kitarudi kwa sehemu kubwa, mikono huenda isirudi yote. Alipotoka hospitali alikuja kwangu na binti, na hapo ndipo walipo. Kwa muda mrefu hakusema nami. Nikiongea na mtoto chumba cha pili, anainuka anatoka uani. Kwa hiyo nimekuwa nikinong'ona ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na ndiyo maana ukipiga simu nakujibu kwa mkato. Simu yangu inasikika chumba kizima, na sauti yako akiisikia ni ileile ya marehemu. Usikasirike. Hakuna aliyekukosea.

Alizungumza Jumatano. Alisema tu, "Ulikuwa wewe." Nikasema, "Nilikuwa mimi." Akatikisa kichwa, akarudi kuchambua mchele. Sikuweza kumwambia kuhusu lile neno la pili. Nimekuandikia wewe, sitamwandikia mwingine.

Kumbe kuna jambo sikulielewa. Tangu tulipomzika marehemu, Shemeji hakuwahi kurudi kaburini. Tulidhani ni uchungu. Jana asubuhi ametuambia tujiandae, twende. Tumekwenda sisi watatu. Majani yamejaa, ubao wa jina umeinama. Aliupigilia kwa jiwe, akang'oa majani kwa mikono ile inayotetemeka, hakutaka tumsaidie. Binti akamweleza mama yake habari za shule zote, mitihani, rafiki aliyehama, jino lililong'oka. Aliongea mpaka akachoka. Halafu pakawa kimya, upepo hakuna, hata ndege.

Shemeji akaniuliza, bila kuniangalia, "Unasikia chochote?"

Nikatega sikio kweli, Dada. Naapa nilitega.

"Sisikii," nikasema.

"Hata mimi," akasema. Akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia. Siku ya mazishi hukuwepo, lakini nilikwambia jinsi alivyosimama kavu kama nguzo akipokea pole za watu. Jana alilia yote. Binti alimshika shingo, nami nikawashika wote wawili, na watu waliokuwa wakipita na maua yao walituvulia kofia wakatupa pole kama tuliofiwa asubuhi hiyo.

Ndivyo ilivyo. Tumefiwa jana. Kama utapata likizo, hata fupi, njoo. Piga simu kwanza uniambie siku, nimwandae. Amesema yuko tayari kukusikia.

Jambo dogo kabla sijamaliza: ulisema shemeji wa huko anapaka vanishi milango jikoni madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Mwambie afungue, avae koti. Akibisha, msomee barua hii.

Mama anakusalimu na kukuuliza kama bado unasali. Kobe, ambaye sasa huja kumtazama mgonjwa kila wiki na kukaa hadi tunaanza kufagia miguuni pake, naye anakusalimu ingawa hakujui. Binti yetu anakuamkia, mama mkubwa wake, na anaomba picha ya vijana wako. Shemeji alitaka kuandika salamu zake kwa mkono wake mwenyewe. Mkono haujatulia, nimemwandikia mimi. Mwenyezi Mungu awalinde huko, awape pumzi nzuri asubuhi na jioni.

Ni mimi mdogo wenu wa mwisho, nikupendaye kila siku,

Kitinda