Kabati Lako Limesimama, Mama Mwanaidi

Mama Mwanaidi,

Shikamoo sikupi. Hata kama umenitangulia huko, mimi bado mkubwa wako. Nakuandikia kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, ule uliosema ni kuku kapita na matope.

Kabati lako la vitabu lilitaka kututoka. Tangu tulipokuzika, milango yake haifungiki. Wewe ulikuwa ukiisukuma kwa nyonga, inatii. Mimi nikisukuma kwa hii mifupa, kabati zima linayumba kama mlevi wa mnazi. Juzi mjukuu wako kaning'inia mlangoni, likainama, nikalidaka kwa kifua. Mwanaidi akaja juu: "Baba, nikirudi Ijumaa halijakaa sawa, namwita mnunuzi wa Ngamiani alichukue. Siziki mtoto kwa ajili ya mbao!"

Alisema kweli, na alisema kwa sauti yako. Lakini nikilifungua kabati lile inatoka harufu ya udi wako. Nimpe mtu akauze na harufu?

Nikaanza na bawaba. Nikakaza, wapi! Nikapiga randa ukingo wa mlango mmoja, ukaingia. Wa pili ukaona wivu, ukakataa. Kumbe milango haina kosa. Sakafu yetu imelala upande wa dirishani, kabati limekwenda mshazari, na milango inafuata. Nikachonga kabari, nikaiingiza chini ya mguu, milango ikakutana yenyewe. Ila ule niliouranda sasa una pengo kama langu la mbele.

Na bado likawa linayumba. Nikakaa chini kulitazama, ndipo nikakuona wewe. Vitabu vya dini juu, vya dunia chini! Ulisema neno la Mungu halikaliwi kichwani na vitabu vya mapishi. Sawa, bibie, lakini vya dini vinene kama matofali, na vya dunia ulikuwa na viwili vitatu tu, vyembamba, vya mapishi na mishono. Kabati maisha yake yote limejitwika mzigo, na miguuni halina kitu.

Kuvishusha sikuthubutu, ungenitokea ndotoni. Nikaweka rafu ya chini kabisa pasi yako ya mkaa na lile jiwe lako la kusagia viungo. Najua. Jiwe la jikoni kwenye kabati la vitabu! Piga kelele huko huko. Kisha nikalishikiza ukutani kwa chuma cha pembe, skrubu kwenye mbao, skrubu ukutani.

Ijumaa Mwanaidi kaja. Hata baibui hajavua, kalishika kabati kwa mikono miwili, kalitikisa, kalivuta kwa uzito wake wote, na si haba. Halikutikisika. Akafungua milango, akainama kuchungulia chini.

"Baba! Na viungo vya pilau tusagie nini?"

Akacheka binti yako, mke wangu. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu mazishi yako sikuwa nimemsikia akicheka. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

"Libaki," akasema. "Jiwe nitanunua jingine."

Basi lala kwa amani, Mama Mwanaidi. Naahidi kila nikifagia nitaigusa kabari isilegee, na vitabu vyako havitashuka hata rafu moja. Nami usinihimize kuja huko. Huyu binti nataka kumchekesha tena.

Mumeo,
Baba Mwanaidi