Tundu la Dole Gumba

Wewe, uko hapo? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya, sijui uso wangu niuweke wapi.

Unamkumbuka yule mama mjane aliyeniletea mpira wa bolingi wa marehemu mumewe, ule mzito wa kuviringisha kuangushia vigingi? Alitaka nimtobolee upya matundu ya vidole viwili, maana mkono wake ni mdogo. La dole gumba alisema nisiliguse. Alisema mara mbili. Mimi nikaitikia, "Sawa mama," huku akili iko kwenye mashine.

Basi nikajifanya fundi. Nikayaziba yote matatu, nikayapanga upya ili mpira ukate kona mwishoni mwa njia, nikaupiga msasa, nikaung'arisha hadi ukawa kama kioo. Mikwaruzo yote ya mzee, kwisha.

Amekuja sasa hivi. Nikamkabidhi nikichekelea, mjinga mimi.

Akaingiza dole gumba. Akalitoa, akaliingiza tena.

"Mbona tundu halipwayi?"

Nikamwambia, "Nimelipima likukae sawasawa, mama."

Akasema taratibu, "Nilitaka linipwaye. Lilikuwa lake."

Hakunigombeza. Heri angenitukana. Alinitazama tu, akauliza, "Lile la zamani umeliweka wapi?"

Aliuliza kweli, kama mtu anayeulizia kitambaa alichosahau. Tundu, ndugu yangu. Tundu unaliweka wapi?

Bado yuko hapo nje kwenye benchi, ameupakata mpira. Mimi nimejifungia humu karakana. Niambie nikitoka nimwambie nini.