Njiti Mbili Kila Asubuhi

S.L.P. 41,
Nyasubi, Kahama.
9 Septemba, 1984.

Mpendwa Kaka Cornel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji Apolonia na watoto, na kwamba lile goti lako linalokusumbua kila ikinyesha limetulia. Sisi huku tunapumua. Mke wangu Eufrasia ana nguvu, watoto wanakwenda shule, na wale ng'ombe wawili waliobaki wanatafuna mabua. Barua inatakiwa iseme hatujambo, basi hatujambo.

Mvua bado haijafika. Pamba ya mwaka huu ilikuwa fupi mpaka watu wanaichuma wameinama kama wanaotafuta sindano. Sukari ni kwa kibali, sabuni ni kwa kujuana, na kiberiti ndiyo kimepotea kabisa: majirani tunaombana makaa kwenye kigae. Nakutajia kiberiti makusudi, sababu utaiona.

Telegramu yako ilifika siku ya tano baada ya kumzika Mama. Niliisoma mimi mwenyewe mbele ya wazee wa ukoo: MBUKE AONDOKE KABLA YA MATANGA KWISHA. Sikulaumu. Shangazi zetu walikuandikia walichokiona kwa macho yao, kwamba Mama alikuwa akinywa uji wenye dawa kila asubuhi, na kwamba aliyeukoroga uji huo ni mama mdogo Mbuke, mke mwenzake. Nawe ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki, ukisema umesema. Mama mdogo ameshaondoka. Ninaandika kukuambia kwamba umemfukuza mtu asiye na kosa, na kwamba mwenye kosa ndiye anayeshika kalamu hii.

Nisomee mpaka mwisho, Kaka, hata kama utaniona mjinga.

Unajua Mama alivyojipenda. Uzee ulipomwingia hakuupokea kama wenzake. Alikausha majani ya mlonge akayatwanga, akachemsha maua ya choya akanywa badala ya chai, akajipaka mafuta ya mbono yaliyochanganywa na unga wa liwa, ambao alimsumbua Ramniklal, yule sonara wa mjini, amwagizie kutoka kwa ndugu zake Mwanza. Nilimtania kwamba na miaka yake sabini anatafuta mchumba gani. Alinijibu kwamba moyo na ngozi ndivyo vitu viwili vinavyomsaliti mwanamke, na yeye havitamsaliti bila kupigana. Mbuke alikuwa akimtwangia. Wake wenza wa watu wanapigana mawe. Wa kwetu walitwangiana dawa za uzee, nasi tukaona ni jambo la kawaida.

Mwaka jana moyo ulimsaliti kweli. Miguu ilivimba, akawa halali mpaka aegemezwe ukutani, na kutoka mlangoni mpaka kisimani alipumzika mara tatu. Tulikwenda hospitali. Daktari alimpima vizuri na kuandika vidonge vizuri, ila dirishani vidonge havikuwepo. Tuliambiwa turudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ikafika Pasaka.

Ndipo nilipokwenda Ushirombo kwa mganga Mageni. Huyu si mganga wa vitisho na manyoya. Ni mzee mpole, anazungumza kidogo, mikono yake inanuka mizizi. Alimtazama Mama, akambonyeza miguu, akasikiliza kifua kwa sikio lake. Alisema ana mzizi wa moyo, na hakunificha kwamba ni wa mti ule ambao wazee walipaka sumu yake kwenye mishale. Ukiwa kidogo unaupa moyo nguvu, ukizidi unausimamisha. Mama alisita. Mageni akacheka, akasema atamchanganyia na majani ya kulainisha ngozi, unga uwe mmoja. Basi Mama akakubali kwa ajili ya ngozi. Namwona bado alivyojishika shavu.

Mageni alipima kwa vidole, unga unaoshikika kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapo ndipo nilipoanza ujuaji wangu. Wewe unanijua, mtu ambaye miaka minane amenunua dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa Bulyanhulu, hawezi kukubali kipimo cha vidole. Nilimwambia Mzee, vidole vyako vinanenepa na kukonda, nipe kitu cha kupimika. Nilikifunga kile kipimo chake cha vidole kwenye karatasi, nikakipeleka kwa Ramniklal anayepimia mapambo ya harusi. Akafungua kiberiti kipya, akatoa njiti, akaziweka kwenye mizani kama mawe ya kupimia. Njiti mbili kamili. Nilirudi kwa Mageni nikamwambia: njiti mbili. Akaitikia, maana huku kwetu mtoto mdogo anajua dhahabu inapimwa kwa njiti, na njiti ni njiti.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia hata Eufrasia. Njiti zangu si njiti.

Mwaka ule wa kwanza wa Bulyanhulu nilizipasua njiti sita kwa wembe, nikaingiza uzi mwembamba wa risasi ndani, nikazigandisha kwa gundi na kuzisugua kwa masizi mpaka ukizitazama huoni kitu. Njiti yangu moja ina uzito wa njiti moja na nusu ya watu. Mchimbaji anatoka shimoni macho mekundu, ana njaa, anaona mizani imekaa sawa na njiti ni njiti, anachukua hela anaondoka. Mabati ya nyumba hii yalitoka humo. Miaka ya mwanzo kila nilipofungua kile kikopo cha tumbaku ninamozitunza nilijua nafungua nini. Baadaye nikaacha kujua. Kaka, sitafuti huruma yako, ila ndivyo ilivyokuwa: nilizizoea mpaka nikaziamini. Kiberiti kingine nyumbani hakikuwepo, na hata kingekuwepo nadhani mkono wangu ungekwenda kwenye kikopo kilekile.

Kila asubuhi tangu mwezi wa tano nilijifungia chumbani, nikaweka njiti mbili sahani ya kulia na unga sahani ya kushoto. Nilishusha pumzi ili mizani isiyumbe. Sijawahi kumpimia mtu kwa uangalifu namna ile. Kisha nikaukunja unga kwenye karatasi, nikampa Mbuke akoroge kwenye uji. Watu waliona mkono wa Mbuke tu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri mno. Miguu ilinywea. Mama alitembea mpaka sokoni na kurudi bila kukaa. Uso wake uling'aa, wanawake wakamsimamisha njiani kumuuliza anapaka nini, naye akawadanganya kwamba hapaki kitu. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilisema hospitali imeshindwa, mimi na mizani yangu tumeweza.

Mwezi wa saba akaanza kutapika. Chakula kikamchukiza. Alilalamika kwamba uji una rangi ya manjano, na mashuka yana manjano, na uso wangu pia. Moyo ukawa unapiga, unakaa, unapiga tena mara mbili kwa pupa. Mbuke alinijia na ile karatasi mkononi, akaniambia, "Marcel, mwanangu, bugota hii imezidi. Mimi natwanga dawa tangu ujana wangu, hii imezidi." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia mizani haidanganyi. Akanitazama, akaenda kukoroga.

Mama alifariki tarehe tatu ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, akiwa amekaa uani juani. Alikuwa ameshika kikombe cha uji. Hakulia wala kuita. Wanawake waliomwosha walitoka wakisema hawajaona maiti ya bibi yenye ngozi laini kama ile. Walisema kwa kumsifu.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Mageni. Alikaa na wanaume kwa adabu, kisha akaniomba tuingie ndani nimwonyeshe unga uliobaki. Nilifurahi, nilitaka aone kwamba sikukosea. Nilipima mbele yake kama nilivyopima siku zote. Alikitazama kile kilichokaa kwenye sahani, akaweka vidole vyake kando yake, wala hakukigusa. Akatoa kiberiti mfukoni mwake, cha kwake cha kuwashia kiko, akachukua njiti moja na kuiweka sahani moja, akachukua yangu moja na kuiweka ya pili. Yangu ikashuka.

Hakunifokea. Alisema, "Njiti zako ni nzito, Marcel," akarudi kukaa na wanaume. Mpaka leo hajamwambia mtu. Laiti angenipiga.

Telegramu yako ilifika siku mbili baadaye. Kwa hiyo nilipoisoma kwa sauti mbele ya wazee nilikuwa nimeshajua, Kaka. Nilijua na nikaisoma. Mbuke alikuwa amekaa mkekani na kanga ya matanga, alisikia jina lake, akainuka kwenda kufunga vitu. Mimi ndiye niliyembebea furushi mpaka kwenye basi la Chato. Njia nzima nilisema kesho nitasema. Alipopanda akanishika mkono kupitia dirishani, akaniambia nile, nimekonda. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa na homa ya uzazi wake wa tatu, wa mdogo wetu aliyefariki. Basi liliondoka na mimi nimefunga mdomo.

Jumapili iliyopita nilishindwa kubeba tena. Niliwaita wazee baada ya misa, nikawaeleza kila kitu, kikopo na njiti na risasi. Nilivunja moja mbele yao wakauona ule uzi unang'aa. Nilitarajia wanipige, au wachimbaji waje wabomoe nyumba, na ningeshukuru. Unajua walisema nini? Walisema naona haya kwa ajili ya mama mdogo aliyenilea, ndiyo maana najitwika. Mmoja akasema kama kuna risasi ndani ya njiti, basi aliyeitia ni yeye Mbuke, maana ndiye aliyekuwa anaingia chumbani kufagia. Wengine wakaitikia. Niliwaambia ni mimi, ni mimi, nikaapa kwa kaburi la Mama. Waliniambia nikapumzike, msiba umenichosha.

Watu wamenisadiki miaka minane nikiwadanganya. Siku moja nimesema kweli, hakuna wa kunisadiki. Sina tena mahali pa kuipeleka, ila kwako.

Maneno yamemfuata mama mdogo mpaka Chato. Ndugu zake wamempa kibanda cha pembeni, na kina mama wanawavuta watoto wao anapopita. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote, na wewe unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu na msiba nyuma yake anaweza kufanywa nini. Nimekwenda mara moja kumchukua. Hakukataa kwa hasira. Alisema aliondoka kwa neno la mkubwa wa nyumba, na atarudi kwa neno la mkubwa wa nyumba, si vinginevyo. Wazee nao wamesema vivyo hivyo.

Kwa hiyo nakupigia magoti, Kaka. Usingoje likizo, wala usingoje kunisamehe. Hilo sikuombi na sidhani linastahili kuombwa. Nenda posta siku utakayosoma barua hii. Utume telegramu mbili, moja kwa wazee Nyasubi na moja kwake Chato, na maneno yawe mawili tu: MBUKE ARUDI. Mengine uniachie mimi. Ukija kuondoa tanga uniulize mbele ya wachimbaji wote, nami nitajibu.

Msalimie sana shemeji Apolonia. Mwambie ile kanga aliyomtumia Mama ndiyo tuliyomfunika. Wasalimie Klara na Thobias, wasome kwa bidii. Eufrasia anakusalimu, ingawa tangu Jumapili hazungumzi nami. Shangazi wote wanakusalimu. Mama mdogo Mbuke naye anakusalimu. Salamu zake zilifika juzi na abiria wa basi la Chato, pamoja na kifurushi cha dagaa kwa ajili yangu. Anakuombea afya, hana kinyongo na wewe, na kwangu ameagiza kwamba nisiwe na hofu: hajamwambia mtu yeyote kwamba aliyekuwa anapima ni mimi.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akuharakishe.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukishindwa kunipenda,
Marcel.