Wale Niliowaita Wasimame Nyuma ya Mjomba

Kwa mama yangu, Chanika, Handeni.

Mama, shikamoo. Nakuamkia kutoka huku Makuyuni, Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Kwanza nataka habari za mgongo wako. Ulisema ukishaokota kuni huinuki vizuri. Bado unajipaka yale mafuta, au umemgawia jirani kama kawaida yako? Na mahindi ya kando ya kijito, nguruwe wameyaacha? Mimi mwili wangu mzima. Mikono imechanwa na miiba lakini bado inakunjika na kukunjuka, basi hiyo si habari. Ninachokosa ni utulivu. Barua hii nimeianza mara tatu na mara mbili nimeichana.

Anayekuletea ni Mzee Mhando, jirani yetu, ambaye amerudishwa kwa sababu goti lake limekataa kazi. Naomba akusomee mwalimu wa chuo cha Kurani peke yake, nyumbani kwako, mlango ukiwa umerudishwa. Asiisome karani wa akida, hata akijitolea kwa upole namna gani.

Kazi ni ile ile. Tunakata majani ya mkonge, tunafunga mafungu, tunabeba. Msimamizi akiridhika anatia alama kwenye kipande chako, ile kadi ya siku za kazi, asiporidhika siku yako imekwenda bure. Hayo nilishayazoea. Lakini wiki mbili zilizopita tulikuwa tumepumzika kivulini pembeni ya banda la mashine, wakaletwa watu wapya, wamepangwa mstari, askari mmoja mbele na mwingine nyuma. Niliwatazama bila hamu, maana huletwa kila mara, mpaka nikaona mwendo ninaoujua. Alikuwa Mzee Mhando. Nyuma yake Shabani fundi wa mizinga ya nyuki, na nyuma ya Shabani watu wa kwetu watupu.

Nikamwamkia mzee, nikamuuliza, "Mmefuata nini huku, na mahindi bado yako shambani?"

Akanijibu kwa Kizigua ili askari asielewe. Alisema, "Hatukufuata kitu. Tumeletwa. Mjomba wako ametutaja kwa majina mbele ya akida, mmoja mmoja, naye ameketi benchi moja na akida."

Mama, wewe unajua mjomba alivyopata kuwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, lakini acha niyaseme tena, maana yananizunguka kichwani nisipoyasema. Jumbe wa zamani alipofariki kijiji kiligawanyika. Upande wa boma la serikali ulitaka mtu wa kuitikia kila neno la akida, mkuu wa majumbe. Upande wa wazee ulitaka mtu wa kutusemea. Mjomba alikuwa wa wazee. Alisimama mbele ya watu akaapa kwamba hakuna atakayepelekwa kwenye mkonge kabla mahindi yake hayajaingia ghalani. Akida akasema sawa, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, tuone. Na aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu wasimame nyuma ya mjomba ni mimi. Nilipita Chanika nzima, sauti ikanikauka. Mzee Mhando alinisikiliza huku anasuka kamba, akaniuliza swali moja tu, "Mjomba wako ana maneno mazuri. Wewe unamdhamini?" Nikasema namdhamini. Akaweka kamba chini akaja.

Baadaye nikaja huku kutafuta fedha ya kuilipa serikali kodi ya kibanda, nimejaa raha kwamba nyumbani kuna mtu.

Kumbe amevuka. Nimesimuliwa kwamba siku ya baraza aliinuka kwenye mkeka wa wazee, akakung'uta kanzu yake, akaenda kuketi benchi la akida, akavishwa kofia mpya. Wazee walipomuuliza alisema hakuwahi kuwa upande wao. Alisema hawakumsikia vizuri siku ile, moyo wake ulikuwa na boma tangu mwanzo. Nilipoambiwa hilo nilitaka kucheka, nikashindwa.

Hapa kambini wanabishana kila siku wakati wa kula. Shabani anasema majumbe wote ndivyo walivyo, na heri huyu ambaye tangu ahamie kwa akida, daraja la kijito limetengenezwa. Mwingine anasema angesimama nyuma yake hata kesho, kwa kuwa aliye karibu na akida anaweza kutuombea. Mzee Mhando aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Mimi sikusimama nyuma ya kofia. Nilisimama nyuma ya mtu. Sasa mtu ameondoka, nami nimebaki nimesimama nyuma ya nani?" Wakageuka wakanitazama mimi. Hawanitukani, mama. Wananipisha nichote maji kwanza, kama mgeni, na hilo linaniuma kuliko tusi.

Katikati ya hayo ndipo ujumbe wako uliponifikia. Umeniambia mvua za kwanza zikianguka ni siku ya kulima shamba la jumbe, na kwa desturi kila nyumba hutoa jembe kwa hiari yake. Umesema akida atakuja mwenyewe kutazama, na majembe yakiwa machache atamweka jumbe mwingine. Kwa hiyo nije nitangulie na ngoma, watu wakiniona mimi mpwa wake, ninayetazamiwa kumrithi, watatoka. Na ukamalizia kwamba kaka yako akianguka nawe umeanguka.

Nimekuelewa vizuri sana. Sijasahau kwamba baba alipofariki ni mjomba aliyenilisha na kunifundisha kushika panga. Na ninaamini aliogopa. Mtu aliyeona wenzake wakilazwa chini na kuchapwa viboko mbele ya boma ana haki ya kuogopa. Mimi nami naogopa, hata sasa ninaandika huku nautazama mlango. Angewaambia watu, "Niliogopa, nimeshindwa," ningekuja na ngoma mbili. Lakini amewaambia hawakumsikia vizuri. Watu wazima wenye masikio yao amewafanya wajinga, na mimi niliyewaita amenifanya mwongo.

Nimeomba ruhusa, na msimamizi amekubali niondoke kipande hiki kikiisha. Nitafika kabla ya siku ya kulima. Ila sitatangulia na ngoma. Nitapita nyumba kwa nyumba kama mwaka ule, niwaambie kwamba nilimdhamini mtu na dhamana yangu imevunjika, na ninaomba radhi. Atakayechukua jembe alichukue kwa akili yake, atakayeliacha aliache, lakini asitoke kwa ajili ya sura yangu. Mwambie mjomba mapema, nisingependa ayasikie njiani. Najua anaweza kunitaja na mimi kwa akida, nirudishwe huku mstarini. Akinitaja, nitarudi.

Nisalimie dada yangu na wanawe. Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake kingali kizima, ndicho tunachopikia hapa. Mke wa Mzee Mhando mwambie amkande mzee goti kwa maji ya moto na asimkubalie akisema limepona, maana atasema. Mwalimu wa chuo anayekusomea nampa heshima yake na namshukuru kwa kufunga mdomo. Na mjomba nisalimie, umpe shikamoo yangu kamili, usiipunguze.

Usinipikie siku nitakayofika, kwa sababu nitaanza kazi yangu kabla sijatua mzigo. Nyumba ya kwanza itakuwa yako. Siku ile watu walipokwenda kusimama wewe ulibaki umekaa, ukasema unamjua kaka yako tangu mkiwa wadogo. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuinua.

Mwanao,
Sefu