Si Kaku Aliyekataa

Panda, Likasi

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijakuuliza magoti yako yanasemaje, na kama mvua zimeshafika huko Mbuji-Mayi, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa. Roho ya mama mkwe wako, marehemu bibi yetu Kaku Ngalula, haikunipanda kichwani. Maneno ya kule ziwani niliyasema mimi mwenyewe, kwa akili yangu, kwa sababu ya hasira. Najua Baba Mkubwa amekupigia simu akakueleza vingine. Mimi kwa simu siwezi, maana katika nyumba yake hii kila simu husikilizwa na watu wote.

Ilikuwa hivi. Diploma yangu ilipotoka, Baba Mkubwa alisema atatutembeza sote kwa jipu, tufuate ufuko wa ziwa mpaka Mwadingusha, watoto waone mahali alipokulia. Nilifurahi sana, Mama. Tangu Baba afariki na wewe kurudi kwenu, sikuwa nimeyaona maji yale.

Kila mahali alisimamisha gari, tukashuka, tukapigwa picha. Hapa ndipo alipojifunza kuogelea. Hapa ndipo baba yake alipopita na baiskeli kwenda kazini kwenye bwawa. Tulipofika pale wavuvi wanapofungia mitumbwi, pale ulipokuwa ukinibeba mgongoni alfajiri kwenda kununua samaki, nilingoja alitaje jina lako. Akasema, "Hapa njo Kaku yenu alikuwa anafanya biashara."

Kaku! Kaku hakuwahi kuuza hata samaki mmoja. Alikaa kwenye mkeka akisubiri umpelekee chakula. Garini machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyumbani kwetu. Tanuri lako la kukaushia samaki bado limesimama, matofali meusi kama ulivyoyaacha. Kando yake alitungoja bwana mmoja mwenye kofia, Mkasai kama sisi, anayenunua viwanja vya ufukweni. Ndipo nikaelewa kwamba hatukuja kutembea. Kiwanja ambacho Baba alikichimbia msingi kwa mikono yake, nawe ukakijenga kwa samaki wako tofali kwa tofali, kilikuwa kinauzwa. Picha zote zile zilikuwa za kuaga.

Walikuwa wamekwisha kupatana. Baba Mkubwa kwa furaha akataka mzaha. Unajua ananiita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nina jina la mama yake, na mbele ya wageni ndipo anapozidisha. Akanivuta mkono mpaka mbele ya yule bwana.

"Papa, huyu njo mama yenye alinizala. Mama wangu, unasema namna gani? Tuuzishe parseli?"

Watoto wakacheka. Yaya Didier, kaka yetu, mwana wa kwanza wa Baba Mkubwa, akapiga makofi. "Kaku, itika basi, watununulie sukre ya baridi tunywe!"

Siku zote huwa natikisa kichwa na kutazama miguu yangu. Siku ile nilimtazama machoni. Nikamwita kwa jina, kavu, kama Kaku alivyokuwa akimwita.

"Mulumba. Nakatala."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Mkubwa akajishika kifua. "Yesu! Ile sauti ni ya mama-mukwe!"

Baba Mkubwa akacheka peke yake. "Mutoto anacheza, papa. Tuendelee."

Yule bwana alikuwa ameshavua kofia. "Anacheza? Weye njo ulimwita mama, apana minye. Mama yako anakatala, halafu minye nijenge hapa, nilale hapa? Tafuta muntu mwingine." Akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Sasa kila jioni akina mama wa maombi wanakuja kuniwekea mikono na kumwamuru Kaku atoke. Wananifungisha bila kula, Mama, na harufu ya bukari na nyama inanifikia kutoka mezani. Wanasema Kaku amekasirika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mimi nimekasirika. Kwao mtoto wa kike mwenye haya hana hasira yake mwenyewe, lazima awe ameazima ya marehemu.

Na ukweli ni kwamba Kaku angekubali. Angempa Mulumba wake ziwa zima kama lingekuwa lake.

Nisalimie baba yako, nisalimie dada yako mshonaji, na mdogo wangu mwambie asome hesabu.

Lakini neno hili libaki kwako. Baba Mkubwa ameapa kwamba hagusi kile kiwanja maadamu mama yake amekataa. Akijua ni mimi tu, yule bwana ataitwa siku hiyo hiyo. Usimwambie dada yako, usimwambie hata mchungaji wako. Na Baba Mkubwa akikupigia tena kukuuliza kama kweli Kaku alikuwa mkali hivyo, mwambie alikuwa mkali zaidi.

Mwanao anayekukumbuka kila anaponusa moshi,
Ngalula