Tairi la Spana

Gereji ya Matairi,
Nyuma ya Kiwanda cha Mkate,
Ijumaa, 9 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na kitambi, kimepungua au bado kinakutangulia mlangoni? Sisi wazima, ila Mama anakohoa kidogo, na mimi nazidi kuwa mtanashati, usione wivu.

Habari ya Spana ulishaipata. Rafiki yangu, fundi mwenzangu, figo zimemmaliza akingoja zamu ya mashine ya kusafisha damu. Hospitali nzima mashine moja!

Basi mdomo wangu unaujua. Nikasimama mbele ya gereji nikatangaza: Jumamosi nasukuma tairi la lori kutoka hapa mpaka lango la hospitali, kilima chote, kwa jina la Spana, na kila mtu achangie mashine ya pili. Ningeishia hapo! Nikatia chumvi: "Likilala chini hata mara moja, msitoe kitu!" Wakashangilia. Mwenye kiwanda cha mkate akaahidi fungu nono kwa sharti hilohilo, na yule hana mzaha.

Usicheke, kusukuma najua. Kilima kile nilikipanda na Spana kila wiki, mimi na tairi, yeye mbele anapiga mluzi kunisafishia njia. Siri yake ni mbio. Tairi likikimbia linasimama wima. Likisitasita linayumba, linalala.

Sasa sikia balaa. Jana Mama Spana kaja gerejini. Miguu yake imevimba, kila hatua anapumzika. Akaniambia, "Mwanangu, kesho kutwa mbele natembea mimi. Pale palikuwa pa mtoto wangu."

Fundi mkuu akanikanyaga mguu, ishara kwamba nikatae. Mimi, Kifaru mzima, nikajibu, "Sawa, Mama."

Leo tumejaribu mwendo huo, fundi mkuu akijifanya Mama Spana. Kona ya kinyozi, tairi likalala. Tukarudia, likalala palepale. Fundi mkuu akafoka: "Mwambie akusubiri langoni, mpumbavu wee! Wagonjwa wanataka mashine, hawataki adabu zako!"

Anasema kweli, Mjomba. Nikaenda kwa Mama Spana nimwambie. Nikamkuta dirishani anajifunza kupiga mluzi, unatoka upepo mtupu. Nikarudi nimefunga mdomo, mara ya kwanza tangu nizaliwe, muulize Mama.

Kwa hiyo kesho silikimbizi. Nitaliegemeza begani, nilipandishe nyuma ya miguu ile, akipumzika nami nasimama nalo. Likitaka kulala, linilalie mimi kwanza. Chini haligusi.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu yangu Mapua. Bibi mwambie asubuhi asinisahau kwenye sala zake, na aombe kwa sauti. Mungu awalinde nyote, akuponye na mgongo huo.

Wako akupendaye, bega likiwa bado zima,

Kifaru